Silinda Sita Chini ya Mwembe

Kufungua injini ni kazi ya mtu yeyote mwenye spana na kifua. Fundi hujulikana siku ya kufunga. Ninayemsema hapa yuko Tabora, upande wa Ng'ambo, na kuiita gereji sehemu anayofanyia kazi ni kumpa cheo ambacho mwenyewe hajakidai: kontena kuukuu lililojaa spea, shimo lililojengewa kwa matofali, jiko la mkaa, na mwembe mkubwa ambao ndio paa. Tabora ni mji wa miembe, na wazee wanaihesabu ile ya zamani kuwa mali ya watu wa misafara waliokuwa wakipumzika Unyanyembe kabla ya kuendelea Ujiji au kurudi pwani. Chini ya huu wa Ng'ambo siku hizi zinapumzika Toyota.

La kwangu ni Altezza. Toyota ilianza kuliuza Japani mwezi Oktoba 1998, likatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani msimu wa 1998–1999, na nchi za nje likauzwa kwa jina la Lexus IS 200. Injini iko mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, gia za mkono ni sita, na mita za dashibodi zimepangwa kwa mfano wa saa ya mkononi ya gharama, vijisaa vidogo ndani ya saa kubwa. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2005. Likiwa jipya lilikuwa gari la kijana wa Tokyo mwenye mshahara mzuri. Leo, likiwa namba C, lenye ufa kwenye kioo cha mbele na rangi iliyopauka kwa jua la Unyamwezi, ni gari la mwalimu wa sekondari. Nililipata kwa bei isiyozidi sana ya bajaji mpya, na aliyeniuzia alinishukuru mara nyingi kuliko ilivyo kawaida.

Vijana wa mjini wana swali moja tu wakiliona: RS au AS? RS200 ndiyo wanayoiota, ile ya injini ya silinda nne, 3S-GE, ambayo Toyota iliitengeneza ikishirikiana na Yamaha, yenye nguvu za farasi 210 kwa gia za mkono. Langu ni AS200, injini 1G-FE, farasi 160. Nikishawajibu hunipa pole na kwenda zao. Fundi ana maoni mengine. "Hilo la farasi mia mbili na kumi," aliniambia, "ungelisukuma kutoka hapa mpaka Nzega ukitafuta spea." Hoja yake ni ya kibiashara na haina kasoro. Injini ya AS200 ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Mark II GX110, kwenye Verossa na kwenye baadhi ya Crown za miaka ile, na Mark II zimejaa nchi nzima. Kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida akitaka gari la michezo na bado apeleke watoto shule, afadhali anunue lile ambalo moyo wake unafanana na wa teksi ya jirani.

Na moyo wenyewe una mvuto wake, hata kama vijana hawaujali. Ujazo ni sentimita za ujazo 1988. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 75, na mwendo wa pistoni kupanda na kushuka ni milimita 75 vilevile. Gawanya kwa sita, kila silinda ina sentimita za ujazo zipatazo 331 tu. Kiufundi silinda nne zingetosha kwa ujazo huo, na kwa bei nafuu zaidi. Lakini silinda sita zikipangwa mstari mmoja, pistoni hutembea mbili mbili, ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na mitikisiko yake hufutana yenyewe bila shafti za kusawazisha. Moto hupigwa kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, ukirukaruka kutoka mwisho mmoja wa injini hadi mwingine. Fundi haelezi haya kwa maneno. Huweka kiganja juu ya kifuniko cha injini ikiwa inanguruma taratibu, anakiacha pale, kisha anakushika mkono wako na kuuweka penye wake. Silinda mojawapo ikiwa inamisi, kiganja kinajua kabla mashine ya kusoma kompyuta haijachomekwa.

Nililetwa kwake na joto. Nilikuwa natokea Itigi, ile njia iliyonyooka kati ya vichaka ambapo lami hukufanya usahau umri wa gari, na mshale wa joto ukaondoka katikati. Gari liliingia Tabora juu ya lori. Fundi hakukimbilia spana. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ilipopoa, akachovya kidole, akakipaka kwenye kitambaa cheupe na kunionyesha: kutu. Akafungua sehemu ya themostati, akacheka peke yake. Ndani hakuna kitu.

Hii ni imani iliyoenea kwenye gereji nyingi za kwetu: kwamba nchi ya joto haihitaji themostati, kwa hiyo gari likichemka, dawa ni kukitoa kile kidude na kukitupa. Fundi fulani, mahali fulani kati ya bandarini na kwangu, alikuwa ameshakitupa. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha kufunguka kidogo kidogo kadiri linavyopanda. Ukikitoa, asubuhi za baridi za mwezi wa saba, na Tabora ziko, injini inachelewa mno kufika joto la kazi. Kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli. Unyevu haukauki kwenye oili, oili inageuka tope. Rejeta ikiwa imeziba, kutoa themostati hakuizibui. Yangu ilikuwa imeziba, kwa sababu badala ya kulanti ilinyweshwa maji ya kisima kwa miaka: bloku la injini hii ni la chuma cha kusubu, na chuma kikikaa na maji matupu hulika, kutu ikasafiri mpaka kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta na kukaa humo.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya nianze kumfuata kwa makini. Spana boi wake alirudi na themostati tatu kutoka madukani, zote zikiwa zimechongwa 82, yaani nyuzi joto zinazotakiwa zianze kuifungua. Akabandika sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, akazitumbukiza zote tatu zikining'inia kwa nyuzi, akaweka kipimajoto, akavuta kigoda. Nilidhani ni suala la dakika. Alikaa pale akipepea mkaa kwa kipande cha boksi, akiinua macho kila maji yalipotoa povu jipya. Moja ilifunguka mapema mno. Moja haikufunguka hata maji yalipotokota. Ya tatu ilianza kuachia mdomo kipimo kilipopita themanini kidogo, ikaendelea kufunguka bila kushtuka. Zile mbili alizirudisha dukani yeye mwenyewe, na inasemekana hakuondoka mpaka akarudishiwa fedha.

Maji ya sufuria ile, kwa taarifa, yalitokota kabla ya kufika nyuzi 100. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi kama 96. Ndiyo maana fundi huyu anakiheshimu kifuniko cha rejeta kuliko wengi wanavyoheshimu injini nzima. Kile kifuniko chenye springi, kilichoandikwa 0.9 au 1.1, ndicho kinachobana mgandamizo ndani ya mfumo ili maji yapite nyuzi mia bila kutokota. Springi ikilegea, gari linalotembea vizuri Dar es Salaam litachemka Tabora, na mwenye gari atauziwa rejeta mpya wakati kilichohitajika kinatosha kwenye mfuko wa shati.

Alijifunza kwa mjomba wake aliyekuwa mtu wa reli. Tabora hilo si ajabu. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, na tangu hapo mji huu umekuwa njia panda ya treni, wenye karakana na baadaye Chuo cha Reli. Vizazi vya watu wa hapa vimekua vikisikia chuma kikipimwa, na kupima ndiko kunakomtofautisha huyu na wenzake wa mtaa wa pili. Ana maikromita ya mjomba ndani ya kijisanduku cha mbao chenye kitambaa, na spana boi hawaruhusiwi kuigusa mpaka wanawe mikono kwa sabuni. Mafuta ya taa hayahesabiki. Sabuni.

Mimi ni Mzaramo, yeye ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani wetu una miaka mingi kuliko reli. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe, kila mtu na mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32 mabegani, walilazimika kupita Uzaramo, na majumbe wa kwetu waliwatoza hongo ndipo wapite. Fundi hajalisahau deni hilo. Kila nikilalamikia bei hunikumbusha kwamba babu zangu walikula shanga na nguo za babu zake bila hata kuwapa maji. Ukimuuliza kwa nini spea inachelewa, atakwambia Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, na hawakumpigia mtu simu kila asubuhi.

Spea zenyewe bado zinapita njia ile ile. Zinanunuliwa Ilala au mtaa wa Gerezani, Kariakoo, zinafungwa kwenye boksi la biskuti, zinakabidhiwa kondakta wa basi, na kesho yake spana boi anakwenda stendi kuzipokea. Fundi akifungua boksi hujenga mafungu mawili juu ya turubai. La kwanza ni la zile atakazozifunga. La pili ni la zile za kurudi, na linaweza kuwa kubwa zaidi. Gasketi huinusa, kweli kabisa, kisha huikunja pembeni kidogo kuona kama itaacha alama. Kati ya kipya cha bandia na kilichotumika kilichotoka Japani, yeye huchagua kilichotumika bila kujadiliana, isipokuwa kwa vitu vitatu: mkanda wa taiming, gasketi ya hedi na bolti zake. Hivyo ni vipya halisi au gari linakaa.

Langu lilikaa. Hedi ya aluminiamu ilikuwa imepata joto, na kwenye injini ya silinda sita mstari mmoja hedi ni ndefu, kwa hiyo ina nafasi zaidi ya kupinda. Aliilaza kichwachini juu ya meza, akaisugua hadi ikang'aa, akaweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mshazari pande mbili, na kila mara akajaribu kupenyeza fila geji chini ya rula. Kipande cha milimita 0.05 kikipita, anasema, hedi imekwenda. Kilipita katikati, palepale kati ya silinda ya tatu na ya nne. Hedi ikapanda basi la Mwanza kwenda kusawazishwa kwenye mashine, na ilipomrudia aliipima upya kana kwamba haijawahi kupimwa na mtu.

Majirani walinicheka. Gari la michezo limepaki mwezi wa ngapi huu? Lakini historia ya mbio katika ukanda huu iko upande wangu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilitwaliwa mwaka 1965 na Joginder Singh wa Kenya akiwa ndani ya Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, gari ambalo wenzake waliokuja na mapya walikuwa na kila sababu ya kulidharau. Mwaka uliofuata na ule wa 1967 ikachukuliwa na Bert Shankland, aliyeishi Dar es Salaam, kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu wanalikumbuka kwa kubeba mizigo na watu zaidi ya kipimo. Watu hao hawakushinda kwa wingi wa farasi. Walishinda kwa sababu gari lilifika, na lilifika kwa sababu kuna mikono iliyokaza kila nati usiku wa kuamkia mashindano.

Basi nirudi kwenye kufunga, maana huko ndiko nilikotaka kufika. Bolti za hedi ni kumi na nne, saba kila upande. Fundi alizipangusa moja moja, akatia tone la oili kwenye nyuzi zake, tone, si zaidi, kwa kuwa oili ikijaa kwenye tundu bolti itafika mwisho kabla ya kubana. Akaziingiza kwa vidole mpaka zikagoma. Ndipo ikatoka spana ya kipimo. Anaanza katikati na kwenda nje kwa kuzunguka, ili gasketi ilale kutokea moyoni, na hakazi moja kwa moja: raundi ya kwanza nyepesi, ya pili nzito zaidi. Baada ya hapo kipimo kinawekwa kando. Alichomoa mfukoni chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, ya binti yake, akaweka nukta kwenye kichwa cha kila bolti upande wa mbele ya gari. Halafu akazungusha kila moja robo ya mzunguko, kwa mpangilio ule ule, mpaka nukta zote kumi na nne zikatazama pembeni. Akasimama, akazikagua kwa macho. Moja ilikuwa nyuma kidogo ya wenzake, kiasi ambacho mimi nisingekiona hata kwa kuonyeshwa. Akaisogeza.

Hakuna aliyezungumza muda wote huo. Redio ya kwenye kontena ilizimwa na spana boi bila kuambiwa.

Mkanda wa taiming ulifuata. Kwenye injini hii, toleo la VVT-i, mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni na hasara yake inazidi thamani ya gari, kwa hiyo kilomita laki moja ni mwisho na fundi huyu hangoji zifike. Alipanga alama za krenki na za kamshafti, akavisha mkanda, akaachia kikazio. Mtu mwingine hapo angepiga stata. Yeye alichukua spana ndefu, akaivalisha kwenye bolti ya krenki, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, kwa kuwa krenki ikizunguka mara mbili kamshafti huzunguka mara moja. Alikuwa akisikiliza kwa mkono kama kuna mahali panapokataa. Alama zikarudi mahali pake. Akazungusha tena mara mbili. Nilipomuuliza sababu, akasema ya kwanza ilikuwa ya injini na ya pili ni yake mwenyewe.

Ilipowaka iliwaka bila mbwembwe. Aliiacha ifike joto, feni ivute, akaizima, akaiacha ipoe mpaka jioni, akaangalia kulanti na kuongeza kilichopungua. Siku iliyofuata akarudia yote. Ilikuwa Jumamosi aliponiambia nilete funguo, akaketi kiti cha abiria akiwa na bisibisi ndefu mapajani, ile anayoiegemeza kwenye injini na kuweka sikio kwenye mpini wake, nami nikashika usukani tukaelekea magharibi, njia ya Urambo.

Huo ni upande wa Mirambo, mtemi aliyewafungia Waarabu wa Tabora njia ya Ujiji mwaka 1871, na hadi leo ukitoka mjini kuelekea huko unapata hisia kwamba unahitaji ruhusa ya mtu. Miombo pande zote mbili, wauza asali wenye madumu yao kando ya barabara, lami nzuri. Nilikwenda kilomita sitini kwa saa. Kwenye vijiji hamsini, maana askari wa tochi hawana utani na kabila lolote. Fundi alitazama mshale wa joto, si barabara. Tulipovuka kijiji kimoja na njia ikafunguka mbele bila mtu wala ng'ombe, akasema, "Haya, mtani. Gia ya tatu. Kanyaga."

Nilikanyaga. Injini hii chini ya mizunguko elfu tatu ni mpole hadi kuchosha, na wanaoiendesha kimjini hawajui kingine. Ikivuka elfu nne sauti inabadilika, inabana, inakuwa ya waya unaovutwa, na gari lote linakaa chini nyuma na kusukuma. Elfu tano. Elfu sita. Usukani haukutetemeka. Nikaingiza ya nne na nilikuwa nacheka kwa sauti, mtu mzima na heshima zangu.

Fundi aliinua kidole.

"Zima hiyo feni ya kiyoyozi." Nikazima. Akageuza kichwa kuelekea mlango wa nyuma. "Yumbisha kidogo kulia. Taratibu. Sasa kushoto. Tena kulia." Gari likielekea kulia uzito unahamia kushoto, na hapo ndipo uso wake ulipokunjamana. "Beringi. Nyuma kushoto."

Nikamwambia mimi sisikii kitu.

"Utasikia mwezi ujao. Geuza." Na kabla hatujakirudia kile kijiji alikuwa ameshanitajia bei ya beringi halisi, nauli yake ya basi kutoka Dar, na kiasi kingine juu yake ambacho hakukieleza ni cha nini. Nilipouliza, akaniambia niwaulize babu zangu.